Matawi Yaliyoachwa Nanyala

Utomvu ulikataa kutoka mikononi mwa Yusuf. Alinawa Nanyala kwa maji ya chupa, akanawa tena Chimala kwa sabuni ya mwenye mgahawa, na bado vidole vyake vilinata kwenye usukani, na gari lote lilinuka maziwa yaliyochacha.

"Miti yote ile, ukaona ukate mkuyu?" Fauzia alisema, akishusha kioo.

"Panga halichagui, mama kijacho. Ungekuwepo mpera karibu, ningekata mpera."

Fauzia alicheka, akaweka mkono tumboni. Mtoto alikuwa wa miezi saba. Wawili waliomtangulia hawakufika huko, na ndiyo maana Yusuf alitaka kumfurahisha mkewe: watoke Tunduma alfajiri, wakaone maua ya hifadhi ya Kitulo, walale usiku mmoja, warudi.

Tairi lilipasukia Nanyala. Yusuf, ambaye riziki yake ilikuwa kuyatolea malori vibali mpakani, alifanya kama madereva wote wanavyofanya. Alikata matawi mabichi akayalaza kwenye lami nyuma ya gari, ili anayekuja ajue kuna mtu amekwama, apunguze mwendo. Kitawi kimoja kidogo alikichomeka kwenye buti. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya shamba la kahawa, Tupokigwe jina lake, alimtazama muda mrefu.

"Baba, ukimaliza uyatoe matawi yako. Mti huo una mwenyewe."

"Mwambie nitapita kumsalimia nikirudi, mama."

"Sikutanii."

Lakini mvua ilianza kupiga, nati ya mwisho ilipokazwa Yusuf akarukia garini, wakaondoka. Fauzia aligeuka. Matawi yalikuwa yamelala pale pale, yakimsimamisha mtu ambaye hayupo.

Sasa walikuwa wakipanda mlima kutoka Chimala, kona juu ya kona, na ukungu ulikuwa umeshuka. Mbele yao, pale lami ilipoisha na udongo kuanza, Fauzia akaona majani njiani.

"Punguza. Kuna gari limekufa mbele."

Yusuf alipunguza. Walipita polepole, wakakata kona. Hapakuwa na gari. Kona iliyofuata palikuwa na majani tena, na hapo pia hapakuwa na gari.

"Watu hawana adabu," Yusuf alinung'unika. "Wanaondoka wanaacha majani yao..."

Fauzia aliyatazama majani yakipita chini ya dirisha lake: mapana, ya mkuyu, mti usioota kwenye baridi ile. Mahali yalipokatwa palikuwa bado panatoka utomvu mweupe.

Maua ya Kitulo waliyaona. Yalitanda ya manjano na ya zambarau mpaka macho yalipokoma, lakini Fauzia alisimama katikati yake na mikono yote miwili tumboni.

"Mwanao hachezi."

"Amelala."

"Tangu kwenye kona zile, Yusuf?"

Usiku, katika nyumba ya wageni ya Matamba, walilala na taa ikiwaka. Umeme ulipokatika, Fauzia alisikia panga likikata mti dirishani, kacha, kacha, taratibu kama la mtu asiye na haraka, kisha kitu kikaburutwa ukumbini, kikapita mlango wa kwanza, kikapita wa pili, kikafika kwao, na mlango haukufunguka wala kitasa hakikulia, ila ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumbani, naye akahisi kitu chepesi na chenye ubaridi kikilazwa juu ya blanketi, kwanza miguuni, kisha magotini, kisha mapajani, kwa uangalifu, kama mtu anayetandika, kikipanda kuelekea tumboni, na Yusuf kando yake akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti iliyokatika kila aliposikia jani likisugua jani.

"Washa simu," Fauzia alinong'ona.

"Naogopa kuona."

"Washa, mume wangu. Mwanangu kasimama."

Mwanga ulipowaka, matawi yalikuwa yamepangwa kitandani mpaka kiunoni mwake, vile vile Yusuf alivyoyapanga barabarani.

Hawakungoja chai. Mchana walikuwa Nanyala, na Tupokigwe alikuwa palepale kwenye jiko lake.

"Nilikuambia, baba."

"Nisamehe, mama. Ni nani yule?"

"Sisi hatumtaji. Njia hii si ya magari tu. Ulimwekea alama asimame, akasimama. Sasa anakuwekea na wewe." Alimtazama Fauzia tumboni, sauti ikashuka. "Aliyelaza ndiye atoe. Mwingine akigusa, haisaidii. Yarudishe chini ya mti wake, uombe radhi."

Malori yalikuwa yamepita hapo kutwa na kucha, lakini matawi yalikuwa mabichi, hata jani moja halijapondeka. Yusuf aliyavuta moja moja, na kila moja lilikuwa zito, kana kwamba kuna anayeshika ncha ya pili. Aliliachilia la mwisho chini ya mkuyu, akapiga magoti.

"Yusuf!" Fauzia alilia kutoka garini. "Amecheza! Njoo ushike, amecheza!"

"Yote umetoa?" Tupokigwe aliuliza.

"Yote, mama. Yote."

Walifika Tunduma wakicheka na kulia. Yusuf aliegesha gari mlangoni, akabeba mabegi. Fauzia alipofunga buti, kile kitawi cha kwenye buti, sasa kimenyauka, kilidondoka kizingitini mwa nyumba. Akakiokota, akakitupia kwenye jiko la mkaa, akaingia ndani.

Naila alizaliwa mzima, mnono. Alipotimiza mwaka alianza kutembea, na siku ya kwanza alivuka sebule nzima huku baba yake akimpigia makofi. Alipofika mlangoni alisimama. Akatazama chini. Kisha akainua mguu juu sana, kama mtu anayevuka kitu, akatua upande wa pili.

"Anaruka nini huyu?" Yusuf alicheka.

Fauzia alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye kizingiti kitupu. Kilikuwa kinanata.

Alimwita Yusuf akitoe kile kitawi. Yusuf alipapasa na kupapasa, mpaka jua likazama, na mikono yake haikukuta kitu.