Taa ya Samaki wa Mama Kabibi

Asubuhi kwa Kadii huanza na mahamri. Akishawapa watoto chai na kuwapeleka shule, humtilia mama mkwe wake, Kabibi, kikombe chake na kukipeleka sebuleni. Lakini Kabibi hanywi mpaka samaki wale kwanza.

"Haya, Ngala, amka," Kabibi husema, akinyunyiza chakula. "Na wewe Kadzo, wacha uroho! Mpe mwenzio nafasi."

Mgeni akisikia, hudhani nyumba imejaa watu. Kumbe ni samaki wa rangi ya dhahabu ndani ya tangi la kioo! Mwaro, mume wa Kadii, hufanya kazi hotelini Kikambala na hurudi Malindi mwisho wa juma. Hoteli ilipobadilisha vitu vya mapokezi, alipewa tangi hilo pamoja na samaki wake.

Mama yake ndiye aliyewapa majina. Kwa Wagiriama, jina la marehemu halitupwi. Mjukuu hupewa jina la babu, na babu huwa kama amerudi nyumbani. Basi Kabibi, wajukuu walipomwishia, akahamia kwa samaki. Mkubwa akamwita Ngala, jina la marehemu mumewe. Mwenye mkia mrefu akamwita Kadzo, jina la marehemu dada yake.

Majirani walicheka. Kadii hakucheka. Alikumbuka Kabibi alipoletwa kutoka Kaloleni baada ya mazishi ya mumewe. Alikuwa hali, haongei, anatazama ukuta tu. Samaki ndio waliomfungua kinywa. Kadii alimpenda mama huyu kwa dhati, na kumsikia akigombana na samaki kulimpa raha.

Kisha maji ya tangi yakageuka. Yakawa kijani, kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Kadii akayamwaga yote, akajaza mengine ya mfereji. Wapi! Baada ya siku chache yakarudi yale yale. Akalisogeza tangi dirishani, akisema jua litaua viini kama linavyowaua kunguni wa godoro. Kijani kikazidi.

Asubuhi moja Kadzo alikutwa anaelea, tumbo juu. Kabibi alimfunga kwenye kitambaa, akamzika nyuma ya nyumba. Siku hiyo chai ilipoa mezani.

"Mpigie simu Karisa," alimwambia Kadii. Karisa alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. "Aje anichukue mwisho wa mwezi. Nirudi Kaloleni. Ngala naye akifa, nisiwepo kumwona. Mara moja ilinitosha."

Kule Kaloleni nyumba ilikuwa tupu, imefungwa kwa kufuli. Mama huyu angerudi kutazama ukuta tena.

"Mama, ngoja kwanza..."

"Nimesema."

Kadii akapiga simu, maana mkubwa akisema hapingwi. Kisha akatoka mbio kwenda kwa jirani yake Nyakio. Nyakio alikuwa mtu wa bara, na kazi yake ilikuwa kutunza matangi ya samaki katika hoteli moja hapo mjini.

"Shikamoo, Mama," Nyakio alimwamkia Kabibi alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mmoja tumeshamzika, mwingine ni huyo mgonjwa."

Nyakio aliinama, akatazama maji. "Nani ameweka tangi hapa juani?"

"Mimi," alisema Kadii. "Nilitaka viini vife."

"Pole, dada. Kijani hiki ni mimea midogo sana, huwezi kuiona mmoja mmoja. Sasa niambie, mmea hupenda nini?"

Kadii akashika mdomo. "Jua! Ala! Kumbe nimeilimia shamba!"

"Na chakula kinachobaki ndiyo mbolea yake. Mpunguzieni. Apewe kile anachokimaliza mara moja."

Nyakio akafungua chujio, kile kisanduku chenye sponji ya kusafishia maji. Alipovuta sponji, majani yaliyooza yakadondoka. Yalikuwa majani ya mwarobaini. Kadii alijua ni nani huchuma mwarobaini katika nyumba ile, akatazama sakafu.

"Ni mimi," alisema Kabibi. "Wanangu wote niliwaogesha mwarobaini, wakapona. Niliwaona samaki wanajikuna kwenye mawe, nikasema hawa nao ni watoto." "Kumbe mimi ndiye niliyemuua Kadzo?"

Kadii alimshika mkono.

"Mama, maji yalikuwa yameharibika kabla ya majani," alisema Nyakio. "Lakini sitakuficha. Mwarobaini haufai kwa samaki. Mtoto unamwogesha, kisha unamtoa. Samaki hatoki. Analala humo, anapumua maji hayo hayo."

"Siweki tena," alisema Kabibi.

Siku hiyo walilihamisha tangi likae kivulini. Waliosha sponji ndani ya beseni lenye maji ya tangi.

"Msiioshe kwa maji ya mfereji," Nyakio alionya. "Ndani yake mna viini vizuri vinavyosafisha uchafu wa samaki. Ile dawa inayotiwa kwenye maji ya mfereji huviua."

Kisha wakabadilisha robo tu ya maji. Walitumia maji yaliyolala kwenye ndoo wazi, dawa ikatoka.

"Sasa mnahitaji taa ya UV," alisema Nyakio.

Kabibi akamkazia macho. "Taa tena? Si umesema mwanga ndio ulioleta balaa hili?"

"Huu ni mwanga mwingine, Mama. Ni mionzi mikali, imefungiwa ndani ya bomba. Pampu husukuma maji yapite polepole kando ya taa. Ile mimea midogo ikipita, pamoja na viini vinavyoelea, mionzi huiharibu isizaane tena. Kisha maji hurudi kwenye tangi."

"Na Ngala hataungua?"

"Ngala haingii kwenye bomba. Mionzi hubaki mle mle."

"Itamponya?"

"Taa si daktari. Haitibu samaki aliyekwisha kuugua. Inapunguza viini majini, apate nafasi ya kujipigania."

Mwaro aliinunua taa hiyo Mombasa, ya kulingana na ukubwa wa tangi lao. Alipofika nyumbani hata viatu hakuvua. Akapasua boksi, akachomeka plagi, akaanza kufungua kifuniko cha bomba achungulie.

"Weka chini!" Nyakio, aliyekuja kuwasaidia kuifunga, alipiga kelele.

"Nataka kuona kama inawaka."

"Jicho halina spea, Mwaro! Mionzi hii inachoma macho na ngozi. Chomoa plagi kila unapoifungua. Na usiiwashe kavu, bila maji ndani. Itaharibika."

"Huyu tangu utotoni hushika kwanza, huuliza baadaye," alisema Kabibi. Wote wakacheka, Mwaro naye.

Wakaanza upya, plagi ikiwa imechomolewa. Taa ilifungwa nje ya tangi. Mpira mmoja wa maji ulitoka kwenye chujio hadi kwenye taa. Mwingine ulitoka kwenye taa hadi kwenye tangi.

"Maji yachujwe kwanza, ndipo yapite kwenye taa," alieleza Nyakio. "Uchafu ukiwa mwingi, mionzi haipenyi."

Waliwasha pampu peke yake, wakatazama viungo vyote. Kimoja kilivuja, Mwaro akakikaza. Nyakio aliacha waya wa stima uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda juu, ili maji yakiufuata waya yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye stima. Ndipo akawasha taa. Kidirisha kidogo cha plastiki kikang'aa buluu hafifu.

"Hapo ndipo pa kutazama. Kwingine hapana."

Asubuhi ya pili maji yalikuwa bado kijani. Ya tatu pia.

"Taa gani hii? Ya mapambo?" Kabibi alinung'unika. Roho ya Kadii ilikuwa juu juu. Mwezi ulikuwa unakwisha.

Halafu asubuhi moja, Kadii akiwa jikoni, akasikia kelele sebuleni.

"Ngala! Umekonda hivi, na mimi sina habari!"

Kadii alikimbia. Maji yalikuwa meupe, kila jiwe linaonekana. Ngala alikuwa anaogelea, anakula. Kadii alicheka huku akifuta machozi kwa leso.

Mwisho wa mwezi Karisa alifika kutoka Kaloleni. Alimkuta Kabibi ameshika kitambaa, anasugua kioo kwa ndani.

"Karibu, shemeji. Taa haiondoi utelezi wa kwenye kioo. Hiyo ni kazi ya mkono."

"Mizigo yako iko wapi?"

"Mizigo gani?"

"Si uliniita nije nikuchukue?"

Kabibi aliendelea kusugua. "Balbu hii hubadilishwa kila mwaka, hata kama bado inawaka, maana nguvu zake huisha. Na samaki wakitiwa dawa majini, lazima taa izimwe kwanza. Nikiondoka, nani atayasimamia haya yote? Kaa unywe chai. Nitakuja Kaloleni kuwasalimu, kisha nirudi kwangu."

Kadii alisimama mlangoni na sinia mkononi. Tangu aletwe Malindi, Kabibi hakuwahi kuiita nyumba ile kwake. Siku zote alisema "kwenu". Kadii alimwekea Karisa chai, akarudi jikoni haraka kukanda unga mwingine wa mahamri.