Aya ya Kwanza ya Kisima cha Mtoni

Mtungi ulijaa wenyewe. Yuliana aligundua Jumatatu asubuhi, alipochukua ndoo aende kisimani, akakuta maji yamefika shingoni mwa mtungi, baridi kama ya usiku wa manane.

"Baba Adelina, umechota maji wewe?"

"Mimi nichote maji?" alijibu mumewe, Mwalimu Marselino, bila kuinua kichwa mezani. "Na hii kazi nimwachie nani?"

Kazi yenyewe ilikuwa makala, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili. Marselino, mtu wa Masasi, alikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya misheni pale Mtoni. Miaka tisa msaidizi. Wakuu watatu walikuwa wamempita, na wawili kati yao ni yeye aliyewafundisha kushika chaki. Mkaguzi wa shule, Mzungu, alimwambia wazi: andika historia, ichapwe katika jarida la wataalamu mjini, nami nitapata kitu cha kuwaonyesha wakubwa, bila hicho sina la kukusemea. Basi akaandika historia ya kisima cha Mtoni: waliokichimba, waliokigombania, waliokifukua upya baada ya vita ya Wajerumani.

Jarida lile lilikuwa na desturi yake. Makala hupelekwa kwa wasomaji wawili wasiotajwa majina, nao huorodhesha kasoro, nawe hurudishiwa ukasahihishe. Mara ya kwanza walisema ni ndefu mno. Akapunguza. Mara ya pili mmoja akasema sasa ni fupi mno, na wa pili akasema jina la mto limekosewa, na wallahi halikukosewa. Kila mara Marselino alinakili upya kurasa zake kwa mkono, kwa Kiingereza, mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Mara ya tatu wale wawili wakapatana: "Aya ya kwanza iondolewe. Historia haishughuliki na majini."

Aya ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Bibi Chausiku, mtunza kisima, ajuza wa Kizaramo aliyemsimulia habari zote. Kabla hajafungua mdomo, bibi yule alichoma ubani, akasema: "Mwalimu, habari za kisima hiki hazianzi na watu. Unaanza na Mwenyewe. Unasema: kisima hiki kina Mwenyewe, alikuwepo kabla yetu, akae kwake, nasi tukae kwetu. Maneno hayo ndiyo yanayomweka mahali pake. Ukiyatoa, umemtoa. Niapie."

Marselino akaapa, tena kwa Msalaba. Na Ijumaa iliyopita, kwa hasira na uchovu, aliikata aya ile kwa mstari mwekundu, akanakili makala bila hiyo, akaipeleka posta. Hakuna wa kumsingizia. Alijua anavunja kiapo. Alijiambia tu kwamba Mungu hasomi majarida.

Jumanne, jua likiwa utosini, Yuliana alikuwa uani akipepeta mchele aliposikia kamba ikisugua ubao, krii, krii, halafu ndoo ikagonga maji mbali, chini sana. Sauti ilitoka chumbani kwao.

Jumatano wanawake wa mtaa walirudi na ndoo tupu. Kisima kimekauka, walisema, kimekauka masika, nani amewahi kuona?

"Baba Adelina," Yuliana alinong'ona jioni ile, "kisima kimehamia kwetu."

"Acha maneno ya kishirikina, mama. Sisi ni watu wa sakramenti."

"Sakramenti haizuii mtu kusikia kamba."

Alhamisi shule ilipotoka kwa mapumziko ya adhuhuri, Marselino alijilaza kitandani ajipumzishe macho, na hapo ndipo harufu ilipomjia, harufu ya tope la chini ambalo halijawahi kuona jua, imechanganyika na udi uliolowa, akadhani ni mfereji wa jirani, akageukia ukutani, na ukuta ulikuwa unatoka jasho, na nyuma ya lile jasho kamba ikaanza kuvutwa, polepole, kama inavyovutwa na mtu asiye na haraka kwa sababu anajua kilicho kwenye ndoo, ikapanda, ikapanda, akataka kusema Salamu Maria akajikuta ameyasahau maneno aliyoyasema tangu utoto, na ndoo ilipofika ukingoni, pale pale sikioni pake, sauti ya mwanamume mzee mwenye adabu ikamuuliza kwa upole: "Mwalimu, mie umenipangia kukaa wapi?"

Alitoka mbio bila viatu mpaka kwa Bibi Chausiku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umenifutia Mwenyewe?"

"Nimekosa, bibi. Nimekosa mimi, si mtu mwingine."

"Kukosa nimekuona tangu jana, kwenye ndoo za wenzio. Hiyo karatasi ya mwanzo unayo?"

Alikuwa nayo. Kesho yake adhuhuri wakasimama kwenye ukingo wa kisima kikavu, bibi na chetezo cha ubani, Yuliana na rozari, mwalimu na karatasi yenye mstari mwekundu. Mwalimu akaanza kusoma kama ilivyoandikwa, kwa Kiingereza.

"He!" Bibi Chausiku akamkata. "Kwani Mwenyewe kasoma misheni? Mwambie akuelewe!"

Akasoma kwa Kiswahili. Kisima hiki kina Mwenyewe. Alikuwepo kabla yetu. Akae kwake, nasi tukae kwetu. Akasoma mara tatu, na mara ya tatu kitu kizito kikapita katikati yao kama mtu anayeomba njia, kikashuka, na chini kabisa maji yakaguna. Kufika alasiri wanawake walikuwa wanachota.

Yuliana akalia kwa furaha. Bibi Chausiku hakufurahi.

"Hapa amerudi," alisema. "Lakini huko ulikopeleka karatasi bado umemtoa. Kila karatasi inayosema kisima hakina Mwenyewe ni mlango. Irudishe aya yangu kabla hawajaichapa."

Ndipo Marselino alipokutana na kiumbe asiyetishwa na ubani, yaani ofisi. Jumatatu alipanda baiskeli mpaka mjini na barua: aya ya kwanza irudishwe, au makala ifutwe yote, mimi sitaki tena. Karani aliipokea kwa ncha za vidole, akasema mhariri yuko safarini. Wiki ya pili mhariri amerudi lakini ana kikao. Wiki ya nne barua haionekani, andika nyingine. Akaandika nyingine. Akaungama humo kila kitu, kiapo, kamba, ukuta, akijua watamcheka, na ni afadhali wacheke. Mwezi wa tatu jibu likaja, mistari miwili: makala ikishakubaliwa na wasomaji wote wawili, mabadiliko ya mwandishi hayapokelewi tena. Pongezi.

Jarida lenyewe lilifika siku moja na barua ya mkaguzi. Marselino amekuwa mwalimu mkuu. Yuliana aliisoma barua ile mara mbili, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, hakupiga hata kigelegele kimoja. Marselino alifungua jarida. Jina lake lilikuwa hapo, jeusi, zuri, na chini yake: Kisima cha Mtoni kilichimbwa na watu.

"Wamechapa ngapi?" Yuliana aliuliza.

"Mia tatu."

"Yesu na Maria. Nyumba mia tatu?"

Safari hii, kule ofisi ya jarida, karani alimwonea huruma, au alichoka kumwona. Akamnakilia majina ya wanaopelekewa jarida. Wengi walikuwa mbali, bara huko, Tanga, hata Uingereza. Wa karibu kuliko wote alikuwa Kurasini, karani wa bandari aitwaye Wilbert. Jumamosi Marselino akatia wino kalamu yake. Mpango wake ulikuwa mmoja: kubisha hodi nyumba hadi nyumba, kuomba jarida kwa dakika moja, kuiandika aya ya Bibi Chausiku pembeni kwa mkono wake mwenyewe, na kuomba radhi. Aliyeharibu mia tatu atengeneze hata kumi, na Mungu amhesabie nia.

"Hodi hapa!"

"Karibu!" Wilbert alitoka na tabasamu, suruali ameikunja mpaka magotini. "Nani mwenzangu?"

"Mwalimu Marselino, wa Mtoni. Nimekuja kwa ajili ya makala ya—"

"Mwalimu mwenyewe! Hongera sana, ndugu yangu, nimeisoma yote. Pita, pita ndani, mwenzako ametangulia."

Mguu wa Marselino ukabaki hewani juu ya kizingiti.

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo mzee mliyeandika naye. Mtu wa adabu kweli kweli, tangu saa sita nampa kiti hataki." Wilbert akashusha sauti, kama anayemteta mgeni. "Anasema jina lake liliachwa kwa makosa, basi ndiyo anapita nyumba hadi nyumba kusahihisha."