Koti la Marehemu

"Shemeji, hili koti la marehemu nifupishie mikono. Nataka nilivae Jumamosi kwenye harusi yangu."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akamtazama mdogo wa mumewe, akalitazama koti, kisha akageukia pazia lililogawa chumba: huku kazi yake ya ushonaji, kule kitanda cha mumewe.

"Marehemu gani?"

"Aa... ulimi umeteleza tu, shemeji. Koti la kaka."

"Heri ungejikwaa kidole."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Mke wangu, marehemu anaomba maji ya kunywa."

Shemeji mtu akacheka kicheko cha kuazima. Fundi hakucheka. Alipeleka maji, akarudi, akakaa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Wenzake walimwita Honi, maana enzi za uchumba hakupita mbele ya mlango huu bila kuipiga, mpaka fundi ajidunge sindano. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alishasema: bila upasuaji, hakuna safari ndefu. Cherehani nzuri ilishauzwa, hii ilikuwa ya kuazima. Tumaini lililobaki lilikuwa mchango wa madereva, na aliyetumwa kuuomba ndiye huyu huyu bwana harusi.

"Madereva wamesemaje?"

"Hali ngumu, shemeji. Kila mtu na lake."

"Na mahari umepata wapi?"

"Mungu si Athumani."

Simu ya fundi ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mwenyekiti wa madereva. Aliusoma kwa sauti, ili hata pazia lisikie:

"Pole sana shemeji yetu kwa kuondokewa na Honi. Namba yako nimeipata leo. Ile rambirambi tulimkabidhi mdogo wake, naamini imekufikia. Imetuuma kusikia mmemzika bila sisi."

Kijana alikaa chini, juu ya vitambaa vya wateja.

"Shemeji, nisikilize. Niliomba mchango wa mgonjwa, hakuna aliyetoa. Mgonjwa wanampa pole, basi. Nikasema amekufa. Wakalia, wakatoa siku ileile! Nilikuwa nakuletea, haki ya Mungu..."

"Ukapitia kwa wakwe."

"Walikuwa wananidai jibu. Wangempa mwingine."

"Kwa hiyo unaoa kwa roho ya kaka yako."

Pazia likafunguka. Honi alikuwa amesimama, kashika ukuta.

"Lete koti langu."

Alilivaa polepole. Lilimpwaya, angeweza kuingia na mtu mwingine humo ndani. Fundi akachukua pini.

"Ngoja nikupunguzie kidogo mgongoni."

"Usipunguze. Nitanenepa."

Fundi akageuka pembeni, akajifuta macho kwa gauni la mteja. Alimpenda mwanamume yule mpaka akajisikia hasira.

"Twende kijiweni kwa madereva," Honi alisema. "Wakanione."

Kijiweni mmoja alitoka mbio. Wengine walilia upya, safari hii huku wakicheka. Mwenyekiti alimshika Honi mabega, akayaachia haraka, kwa kuwa ndani ya koti hakukuta mabega.

"Ndugu yangu, tulichokuwa nacho tulikitoa ulipokufa. Tutaanza tena. Tupe muda tu."

"Nitawapa niliobaki nao."

Walianza tena kweli, si watu wabaya. Lakini anayekamua ng'ombe mara ya pili asubuhi hiyohiyo hupata matone. Bwana harusi alioa kwa koti la kukodi, akatuma ujumbe: "Kaka, nisamehe." Honi aliusoma, akamrudishia mkewe simu.

"Unamjibu nini?" fundi aliuliza.

"Marehemu hajibu ujumbe."

Wakacheka wote wawili, mpaka Honi akakosa pumzi.

Mchango haukuwa umefika hata nusu alipoaga dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Kulipopambazuka, fundi alimwandikia mwenyekiti:

"Shemeji, Honi ametutoka."

Jibu lilichelewa. Lilipoingia, alilisoma mara mbili.

"Shemeji, samahani kukuuliza. Safari hii ni kweli?"

Fundi aliinua macho. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na ukubwa wake uleule. Akaandika:

"Ni kweli. Safari hii nasema mimi."