Mama Aliyevaa Pazia

Kila alasiri alipotoka shule, Kijiti alitega sikio mlangoni kabla ya kuingia ndani. Akisikia vidole vya mama vikigonga kompyuta, aliingia bila wasiwasi. Akisikia kilio au mtu akitishiwa upanga, alijua mama amekolea kazini, akaomba tu asipite mtu wa shuleni kwao.

Mama yake aliandika riwaya za mapenzi ya enzi za kale. Zilisomwa saluni, kwenye foleni za hospitali, hata katika chumba cha walimu, ila jaladani palikuwa na jina la kubuni. Mwalimu wa darasa peke yake ndiye aliyeijua siri hiyo, akamwalika mama awe mgeni wa siku ya vitabu. Kwa mara ya kwanza mama angesimama mbele za watu kwa jina lake mwenyewe, na furaha ilikuwa haimwishi.

Kijiti, kwa upande wake, aliiogopa siku hiyo. Mama hakuandika tendo lolote kabla ya kulijaribu. Malkia akipanda ngazi na vazi zito, mama alijifunga pazia jekundu la sebuleni na kupanda ngazi.

"Vazi likinikwaza mimi, na yeye lingemkwaza," alisema.

Siku moja Redio, mwanafunzi mwenzake, alikuja kurudisha mkebe wa hesabu. Walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Dirisha lilikuwa wazi, na pazia lake liko mwilini mwa mama, aliyepiga magoti mbele ya stuli.

"Jemadari wangu, usiende vitani! Utaniacha na nani?"

"Makubwa!" Redio alisema. "Mama yako anaongea na stuli?"

Masikio ya Kijiti yaliwaka moto kwa aibu. Angeweza kusema ukweli, lakini aliuona ukweli una aibu zaidi. Mama mtu mzima, kazi yake mapenzi!

"Anaumwa," akanong'ona. "Akili. Usimwambie mtu."

Kwa Redio, hilo lilikuwa tangazo. Wiki haikuisha, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa mwalimu wa darasa, pamoja na Redio na wenzake wachache, wamebeba kikapu cha matunda. Mama aliwafungulia pazia likiwa begani.

"Pole sana, mama," mwalimu alisema kwa sauti ya wodini. "Ile siku ya vitabu isikusumbue. Tumeshapata mgeni mwingine."

"Mgeni mwingine? Kwa nini? Mimi mzima kabisa!"

"Ndiyo, mama, ndiyo." Mwalimu akamshika mkono taratibu. "Kazi zimekuchosha. Utapona."

"Mwalimu, sina ugonjwa! Pazia hili ni la kazi. Mimi ni malkia... yaani, malkia wangu anapanda ngazi..."

Watoto wakatazamana. Mmoja akarudi nyuma hatua moja. Kila mama alipojieleza, mwalimu alizidi kumwonea huruma. Mwishowe mama akamgeukia Kijiti, na machoni mwake Kijiti akaona kwamba ameshaelewa kila kitu. Hakumkemea, wala hakumtaja.

Kijiti alitamani ardhi immeze. Aibu aliyomwonea mama yote ilikuwa imemrudia mwenyewe.

"Mama haumwi," alisema. "Anaandika vitabu, na hivyo ndivyo anavyofanya kazi. Mimi nilidanganya. Nilimwonea aibu."

Redio akainamia kikapu cha matunda. Mwalimu aliachia mkono wa mama, akaomba radhi mara mbili, akaahidi kumrudishia nafasi yake kesho yake asubuhi.

Wageni walipoondoka, Kijiti alikaa chini akalia. Mama akaketi kando yake.

"Kunionea aibu si kosa, mwanangu. Lakini ulininyang'anya ulimi. Mtu akishaitwa mgonjwa wa akili, lolote atakalosema litahesabiwa ugonjwa. Mimi nisingeweza kujitetea. Ni wewe tu uliyeweza. Siku nyingine ukiona aibu, sema una aibu, usimsingizie mtu jambo asiloweza kulikana."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa niambie, bado unanionea aibu?"

Kijiti alilitazama lile pazia, akajifuta kamasi.

"Kidogo."

"Huo ni ukweli," mama akasema. "Huo naupokea."