Nilivuta Nukta Mbili, Nikamtoa Mama Kwake

Nina miaka thelathini na sita, nimeachika, sina mtoto, na kwa sasa naishi chumba kimoja cha kupanga huku Songambele, Kyerwa. Siwaandikii ili mnihurumie. Huruma yenu mtanipa ya nini? Someni mpaka mwisho, kisha mnihukumu mnavyotaka.

Nilikuwa na steshenari Nyaishozi, pale senta, barabarani. Nilitoa kopi na kuchapa barua, lakini kilichonipa jina ni michoro. Kahawa ya mama ndiyo iliyonilipia mafunzo ya kompyuta, na huko nilijifunza programu ya kuchorea. Ndani yake kuna kitu kinaitwa kontena. Ni umbo ambalo ukiingiza kitu ndani yake, kinakuwa chake. Ukilivuta, kinafuata. Ukilifuta, kinafutika nalo!

Kontena zinazokuja na programu ni za mraba na mstatili. Sasa niambieni, nani Karagwe ana kibanja cha mraba? Shamba la migomba linakwenda na kilima, linapinda kwenye korongo, linamkwepa jirani. Kwa hiyo nilikuwa natengeneza kontena zangu mwenyewe. Nabofya nukta baada ya nukta kufuata mpaka, nafunga umbo, nalifanya libebe vitu, kisha naingiza nyumba, kahawa, makaburi. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuchorewa vibanja vyao. Kichwa kikavimba...

Baba alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chetu Nyakasimbi. Tukabaki watatu: mama, kaka yangu Projestus, na mimi. Ukoo ukaamua sehemu ya kila mtu ijulikane, na mchoro nichore mimi. Mama hakuwa na makuu. Aliomba kitu kimoja tu, abaki na nyumba yake na lile kaburi, ili siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa mumewe.

Mara ya kwanza nilichora haki, naapa! Kontena ya mama niliipa umbo la kuzunguka nyumba, jiko, kaburi na kahawa za zamani, nikifuata milamula, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani. Kaka nikamwekea upande wa migomba mipya. Mimi sikuwa na changu. Binti aliyeachika na kurudi nyumbani, nani angemkumbuka?

Kaka alinikumbuka. Mchana mmoja alikuja dukani na soda mbili, akakaa karibu na kompyuta. Akanivisha kilemba cha ukoka, eti ukoo mzima hauna mwenye akili kama mimi. Halafu akasema atanikatia kipande cha barabarani nijenge fremu yangu mwenyewe, niache kupanga. Sharti lake lilikuwa dogo.

"Vuta nukta hizi mbili tu, dada," akasema. "Mama ataishi humo mpaka siku yake. Nani atamfukuza? Haya ni makaratasi."

Nikavuta. Jamani, nikavuta! Umbo la kaka likachomoza kama ulimi hadi nyuma ya nyumba, na vyote vikahamia kwake... nyumba, jiko, kaburi la baba. Mama nikamwachia kipande cha chini, kwenye rweya, ile mbuga ya majani ambako mgomba hauoti. Kipande changu kaka alitaka nikichore ndani ya kontena yake, ndogo ndani ya kubwa, ili ukoo uone kwamba ni zawadi yake. Nikakubali huku nikicheka.

Siku ya kikao mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kwetu mpaka hutembewa. Wazee, majirani na warithi wanazunguka shamba kwa miguu, wanashika mlamula mmoja baada ya mwingine, na palipo na pengo wanapanda mwingine. Lakini siku ile mzee mmoja akauliza kuna haja gani ya kuloa wakati mchoro upo, tena wa rangi. Watu wakacheka, wakabaki ndani. Karatasi ikapita mkono kwa mkono, na ule ulimi mwembamba hakuna aliyeuona.

Mama hakujua kusoma. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa Kinyambo kama mchoro nimeuchora kwa mkono wangu. Nikamjibu ndiyo.

"Basi leteni wino," akasema. "Huyu hawezi kunikosea."

Akaweka dole gumba. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na nilijikausha. Nilijikausha, wasomaji wenzangu, kama vile hayanihusu!

Haukupita mwaka. Kaka aliuza sehemu yake yote kwa mgeni tusiyemjua, akahama na mkewe, na simu yake haijapatikana mpaka leo. Mgeni akaja na mafundi, mkononi ana nakala ya mchoro wangu. Akampa mama siku saba. Tulikwenda kulalamika, na kila tulikofika tuliulizwa swali moja: hili dole gumba si la mama? Lilikuwa lake.

Nikakimbilia kipande changu cha barabarani, angalau tujibanze pale... Yule mgeni akaniuliza kwa upole kama najua kusoma mchoro. Kipande changu kilikuwa ndani ya umbo alilonunua. Mimi! Mimi niliyekuwa nawaeleza wateja kila siku kwamba la nje likiondoka, la ndani linaondoka nalo! Nikakaa chini palepale.

Nilifunga duka, nikabaki na kompyuta mpakato tu, nikamchukua mama tukaja huku Songambele, nikawa nalima maharage ya watu. Kila jioni mama alimlaani Projestus. Alimtaja kwa jina, akataja na tumbo lililombeba. Nami nilimwachia alaani. Nilimwambia kaka ameuchezea mchoro, ametudanganya sote. Kuna mtu mwenye roho mbaya kuliko hiyo?

Kisha miguu yake ikavimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali wakaturudisha nyumbani. Mama akaniomba nimwonyeshe kwenye kompyuta mahali atakapolazwa. Nilifungua ule mchoro, nikazirudisha zile nukta mbili, nyumba na kaburi vikarudi kwenye umbo lake, nikampelekea kitandani. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa?"

"Hapo, mama. Karibu na baba. Mgeni amekubali."

Akashukuru. Akanibariki kwa uongo wangu, na wiki iliyofuata akafariki.

Ukoo ulimpeleka Nyakasimbi, ukitumaini mgeni ataona haya mbele ya jeneza. Hakuona. Alikuwa ameweka uzio, na juu ya kaburi la baba amepanga matofali. Alitoka na karatasi yake, akasema pole, lakini yeye hazikiwi mtu kwenye kiwanja chake. Shangazi, dada yake baba, akaipokea ile karatasi na kumtaka amwonyeshe mstari unapita wapi. Akauonyesha kwa kidole, polepole, ukitoka kwenye migomba, ukipinda, ukizunguka nyumba na kaburi. Shangazi akanigeukia mimi.

"Huu mstari aliuchora nani?"

Jeneza la mama lilikuwa chini, kati yetu. Nikasema ni mimi. Nikasema yote, soda, fremu, nukta mbili, na ule mchoro wa uongo niliomwonyesha akiwa kitandani. Hakuna aliyenipiga, na ningeshukuru kama wangenipiga. Tulishuka na jeneza hadi rweya, kwenye kile kipande nilichomwachia mama, wanaume wakachimba kwenye mawe mpaka alasiri. Nilipoinama kuchota udongo nimtupie mama yangu, shangazi alinishika mkono.

"Wewe usimtupie," akasema. "Umeshamzika siku nyingi."

Watoto wa majirani walitupa udongo. Mimi nilisimama mikono mitupu.

Wenzangu, nawasihi. Usiweke dole gumba kwenye mchoro wa mpaka ambao hujautembea, hata kama umechorwa na mtoto wako wa kumzaa. Mvua iwaloweshe! Nanyi mnaokaa kwenye kompyuta mkiambiwa vuta kidogo tu, kumbukeni kuna mtu anaishi ndani ya umbo hilo, na anawaamini. Mimi fremu sikupata, kaka sina, na ukoo haunialiki hata msibani. Baba yuko chini ya matofali ya mgeni. Mama yuko peke yake huko chini kwenye rweya, na ng'ombe wa watu wanachungwa juu yake.