Plasta kwenye Jicho la Bwana Harusi

"Kuna mtu chumbani. Tafadhali toka."

Sauti ya kike, laini kama ya mtangazaji, ilitoka ndani ya chumba cha mwisho cha wodi, na Chapchap akabaki ameduwaa mlangoni. Alikuwa ametoka humo sasa hivi. Shuka alizitoa mwenyewe, godoro alilipangusa mwenyewe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Alichungulia kwenye kioo cha mlango. Hakuona kitu ila kitanda, bomba la oksijeni ukutani, na Bwana Harusi amesimama katikati, taa zake zimezimika.

Bwana Harusi ni jina walilompa roboti wa kuua vijidudu: taa ndefu zilizosimama juu ya magurudumu, zinazojiendesha chumbani na kumulika kila pembe kwa mwanga wa zambarau unaobabua ngozi ya mtu. Alikuwa mweupe tangu juu hadi chini, alipokelewa kwa hotuba na vigelegele, na kabla ya kufanya lolote alitaka watu wote watoke na mlango ufungwe. Jina lilijileta lenyewe. Kifuani alikuwa na jicho jeusi, na likiona mtu, taa zilizima papo hapo.

"Panya huyo," alisema mfanya usafi mwenzake, ambaye wote walimwita Shemeji kwa sababu alijifanya shemeji wa hospitali nzima.

"Panya ndiye mtu?"

"Panya wa hapa wanakula chakula cha wagonjwa, wamenishinda mwili mimi."

Wakamwasha tena. Safari hii hakutoa hata mwanga. Aligeuka taratibu hadi jicho likaelekea pembeni mwa dirisha, kisha akaanza kurudi nyuma, akarudi, akarudi, mpaka akagonga kitanda. "Kuna mtu chumbani," alisema.

Utani ukamtoka Shemeji. "Chapchap," alinong'ona, "hatujapisha."

Zamani, kabla ya roboti, mgonjwa akifariki wafanya usafi walikuwa wanafungua madirisha yote, wanatoka, na mmoja wao anasema mlangoni, "Tunapisha." Kisha wanakwenda kunywa chai. Hakuna aliyeuliza wanampisha nani. Lakini Bwana Harusi alitaka madirisha yafungwe na nyufa zizibwe, na tangu aje hakuna aliyepisha tena. Na aliyefia humu asubuhi hiyo hakuwa mgonjwa wa kawaida. Alikuwa mama mmoja asiye na ndugu, aliyekuwa akisema kwa sauti nzito ya kiume, akimshika kila muuguzi mkono na kumuuliza, "Wewe, ndani kwako kuna nafasi?" Wodi nzima ilijua kwamba yule ana jini.

"Tufungue dirisha, tukanywe chai, basi," Shemeji alisihi. "Chai tu, jamani."

Chapchap alitazama nyuma yake. Mama yake mzazi alikuwa amelala kwenye machela koridoni, midomo imegeuka rangi, kila pumzi anaivuta kama mtu anayepandisha ndoo kisimani. Mtungi wa oksijeni aliowekewa ulikuwa unakaribia kwisha, na bomba la ukutani lililokuwa huru lilikuwa moja tu, la chumba kile. Sista wa zamu alikuwa ameshasema: Bwana Harusi akimaliza, mama anaingia; asipomaliza, hamlazi mtu juu ya kitanda hicho.

"Kitinda," mama aliita kwa tabu. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, yeye peke yake, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, aliyefunga kizazi. "Kitinda, nimechoka."

Chai gani tena? Chapchap hakupewa jina hilo bure. Aliingia haraka, akambandika Bwana Harusi plasta juu ya jicho, akatoka, akafunga mlango, akaziba kioo kwa karatasi na kubonyeza kitufe cha kuwashia kilichokuwa nje ya mlango.

Mwanga wa zambarau ukapenya kandokando ya karatasi iliyoziba kioo. Mwanzoni palikuwa na mngurumo wa magurudumu tu. Kisha kitu kikaanza kukwaruza sakafuni, kikakwaruza ukutani, kikakwaruza juu darini, mbio, kama kinachotafuta pa kujificha katika chumba kisicho na kivuli, na kitanda kikaburuzwa, na kitasa cha mlango kikaanza kuzunguka taratibu mbele ya macho yao ilhali ufunguo Chapchap ameukumbatia kifuani, na kiganja kikubwa kikajichora kwenye karatasi kikitoa moshi, na ile sauti nzito waliyodhani imekwenda mochwari ikasema karibu kabisa na tundu la funguo, kwa unyonge wa kutisha, "Fungua, Chapchap. Naungua."

Hakufungua. Shemeji alikimbia, na hakurudi kazini tena.

Roboti alipomaliza, chumba kilikuwa kitupu, kinanuka nywele zilizoungua kupita siku zote. Dirisha lilikuwa limefungwa vilevile. Mama akaingizwa, akaunganishwa na bomba la ukutani, na kabla muuguzi hajatoka akavuta pumzi moja ndefu, akakaa kitako, akaomba chakula.

Wodi ilishangilia. Sista alisema hajawahi kuona mgonjwa wa kifua akiamka hivyo. Chapchap alilia kwa furaha, na furaha hiyo aliing'ang'ania kwa nguvu zote, hata mama alipoomba pazia lifungwe kutwa, hata alipokula sahani ya tatu, hata ngozi ya mikono yake ilipoanza kutoka malengelenge na kuchunika kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Dawa hizo, alijiambia. Dawa zina mambo.

Kisha muuguzi mwanafunzi alitoka chumbani akijisugua mkono. "Mama yako ana vituko," alisema. "Eti ananiuliza kama ndani kwangu kuna nafasi."

Chapchap alikwenda mlangoni. "Mama?"

"Naam, Chapchap," mama alijibu, akitabasamu gizani.

Chapchap. Mama hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

Alimleta Bwana Harusi mchana huohuo, wodi ikiwa imetulia baada ya chakula. Hakutaka kuchoma mtu. Alitaka kuuliza tu, na katika hospitali nzima hakumjua mwingine wa kumuuliza. Alibandua plasta, akalifuta jicho likang'aa, akamsukuma ndani, akafunga mlango, akaziba kioo na kumwasha, kidole chake kikiwa juu ya kitufe chekundu cha kuzimia. Sema kuna mtu, aliomba. Sema kuna mtu, nami nitakaa kimya maisha yangu yote.

Magurudumu yalizunguka. Yakasimama karibu na kitanda, yakakaa hapo kitambo.

"Chumba ni kitupu," Bwana Harusi alisema. "Naanza kazi."

Mara ya kwanza jicho lilimwona jini akiwa nje; sasa, akiwa amejificha mwilini, halikumwona yeye wala mama. Mwanga ukawaka. Kitanda kikaanza kukwaruza sakafu. Chapchap alifumba macho na kukiondoa kidole juu ya kitufe, kwa maana alijua sasa kilicholala mle, na alijua kwamba plasta ile ndiyo iliyokikimbizia bombani, na kutoka bombani hadi kwa mama. Jini akiungua mpaka mwisho, atatoka. Atatoka tu. Na hapo, chini ya ule mkwaruzo, akasikia pumzi fupi, ya tabu, ya mtu anayepandisha ndoo kisimani.

"Kitinda," pumzi ile ilisema. "Kitinda, mwanangu."

Akabonyeza. Mtoto gani asingebonyeza?

Mwanga ulizima. Koridoni palikuwa na ukimya, na harufu ya nywele. Kisha ndani ya chumba mtu akacheka taratibu, kwa sauti nzito.

"Kumbe ndivyo anavyokuita," sauti ilisema. "Njoo basi, Kitinda. Njoo umfungie mama pazia."