Kimya cha Turbini

"Papa Mutabazi, kama munapiga, mupige! Kama munanyamaza, munyamaze kabisa! Munatudanganya kila Jumamosi!"

Maman Nyirahabimana alikuwa ameegemea ukuta mfupi uliotenganisha nyumba hizo mbili za Gihundwe, upande wa Rwanda, mwiko mkononi, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi sikioni. Ng'ambo ya ukuta alisimama Mutabazi, gitaa bado shingoni.

"Ninakudanganya namna gani, Maman?"

"Ile wimbo moya! Munapiga, munapiga, mabati inatetemeka. Halafu katikati, kimya! Minasema Mungu asifiwe, bamechoka. Kabla sijapumua vizuri, vuuu, munaanza tena! Mujukuu wangu alikuwa amelala, anashituka. Sasa ni miaka tano, tangu nihamie hapa!"

Nzigire aliyasikia yote hayo akiwa mlangoni mwa ua wa Mutabazi, vumbi la pikipiki kwenye viatu. Alikuwa amevuka daraja la mpakani kutoka Bukavu asubuhi hiyo, amevaa kitenge cha njano kilichombana kiunoni, midomo imepakwa rangi kwa makusudi: mwanamke akienda kuvunja mapenzi, asionekane amelia. Amekuja kuchukua saksofoni yake, amwambie Mutabazi machoni kwamba basi, kisha arudi.

Bendi yao, Turbini, ilizaliwa Bukavu, mwaka wa tisini na moja, ndani ya gereji. Mutabazi alitaka roki, Nzigire alileta jazi aliyojifunza kwenye fanfare, bendi ya tarumbeta ya parokia, na Buhendwa, mpiga ngoma, hakuweza kuiacha rumba hata kwa viboko. Wakayachanganya yote matatu. Watu walicheka kwanza, ndipo wakacheza. Familia ya Mutabazi iliporudi Rwanda baada ya mauaji ya tisini na nne, bendi ikamfuata: kila Jumamosi Nzigire na Buhendwa walivuka daraja kuja kufanya mazoezi. Saksofoni ilibaki Gihundwe, kwani nani alijua? Agosti ya tisini na nane vita vikarudi. Baba yake Nzigire akaihamishia familia nzima Walungu, mashambani.

Mwezi uliopita ndipo waliporudi mjini. Kitu cha kwanza alichonunua Nzigire kilikuwa kaseti ya Turbini, dukani kwa Papa Parfait. Wimbo waliotunga pamoja ulifika mahali pake, pale saksofoni inapoingia, ukaruka moja kwa moja hadi kwenye kiitikio. Kama vile hakuwahi kuzaliwa. Alikimbilia kabini ya simu, akampigia Mutabazi, akasema, "Endelea na wimbo wako!" akakata.

Sasa akasogea ukutani. "Maman, samahani. Ni wimbo gani hiyo?"

Mutabazi akageuka. Gitaa likagonga ukuta, *dang*.

"Nzigire..."

"Sijakuuliza weye. Minauliza Maman."

Nyirahabimana, ambaye hakukataa kamwe kuulizwa, akauimba kwa pua, akipiga mwiko kiganjani. Alifika mahali fulani akanyamaza, mwiko juu. "Hapa! Hapa njo banakufa."

Nzigire akaitambua nafasi yake. Ni palepale.

"Lakini kwenye kaseti hakuna kimya."

"Kaseti gani?" akauliza Mutabazi.

"Ya Papa Parfait."

Ndani ya nyumba Buhendwa akaangua kicheko, akatoka na vijiti vyake. "Papa Parfait! Aliniambia, 'Nimebasafishia wimbo, umeme ilikuwa imekatika katikati.' Sikujua alikata nini! Dada, mizunguko kumi na sita ya saksofoni yako! Ninaihesabu kwa kidole kwenye goti, miaka tano. Goti imeota sugu."

"Bapiga saksofoni bawili balikuya kuomba kazi," Mutabazi akasema polepole. "Nikabaambia nafasi iko na mwenyewe."

"Na haukunitafuta?"

"Barua tatu, Walungu."

"Hakuna hata moya ilifika."

"Halafu ukapiga simu, ukakata. Nikasema, ameolewa."

"Niolewe na nani, weye? Na mahindi ya Walungu?" Akamwangalia machoni. "Mutabazi, nilikuya kuchukua saksofoni yangu niende."

"Chukua, sheri, mupenzi wangu. Nimeipaka mafuta kila mwezi. Lakini kama unaenda nayo, acha nikubebee mpaka kwenu, nimwone Papa yako. Nina neno moya la kumwambia."

"Neno gani?"

"Lile unalijua."

Nzigire akatazama chini, akacheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Papa yangu ni mukali."

"Nimezoea. Niko na jirani."

"Ati nini?" Nyirahabimana akadakia. Hakuwa ameondoka hata hatua moja. Angeondokaje, mambo yamenoga? Akampima Nzigire kuanzia viatu hadi nywele. "Kumbe ni weye! Miaka tano unanishitulia mujukuu, na haujawahi hata kufika hapa kunisalimia."

"Nisamehe, Maman."

"Sisamehe muntu mwenye njaa. Samaki sambaza ziko kwenye mafuta, bugali imeiva. Zunguka ukuta, mulango uko wazi. Na huyo mupiga gitaa wako akuye pia, lakini hiyo gitaa ibaki inje. Ingieni mukule."